Kiungo cha redio kati ya mji wa Lamu na Shela: mbona kinaanguka kisha kinarudi chenyewe?

Mtunza Maktaba (mwanzisha mada)

Assalaam alaikum. Naomba ushauri wenu kabla hatujatumia fedha ambazo hatutazipata mara ya pili.

Tunaendesha maktaba ndogo ya vijana hapa mjini Lamu, upande wa Langoni, nayo ina intaneti ya kututosha na kusaza. Wenzetu wa Shela wana darasa la jioni lenye kompyuta, lakini huduma wanayoipata kwa simu ni ghali na haitabiriki, kwa hiyo tumekubaliana tuwapelekee sehemu ya intaneti yetu kwa redio, kutoka paa letu hadi paa lao. Umbali ni kilomita 3 hivi. Ukisimama juu ya paa letu na darubini unaliona paa la darasa bila kizuizi chochote, na mstari huo wa macho unapita sehemu kubwa juu ya maji ya mkondo, au juu ya ufuo ambao maji yakijaa huufunika. Antena zote mbili ziko takriban mita 10 juu ya alama ambayo maji ya bamvua, yaani ya zile siku ambazo bahari hupanda na kushuka kupita kawaida, hufika yakijaa kabisa.

Kwa majaribio tuliazima jozi ya redio za 5.8 GHz zenye antena za sahani zinazokuza mawimbi kwa desibeli 23. Hali ikiwa nzuri, kipimo cha mawimbi yanayopokelewa ni kama −61 dBm (namba ikizidi kwenda chini ya sifuri, mawimbi ni dhaifu zaidi) na kasi yake inaridhisha. Tatizo ni kwamba zipo siku ambazo kiungo huanguka katikati ya asubuhi kwa nusu saa hivi, kikarudi chenyewe bila ya mtu kukigusa, kikaanguka tena mchana na kurudi tena, na usiku mambo yakawa yale yale. Kesho yake huwa vivyo hivyo, ila muda umesogea mbele karibu saa nzima. Kisha hupita siku kadhaa pasipo hitilafu yoyote, hata tukadhani tatizo limekwisha.

Fundi aliyetuazima vifaa alitushauri kwanza tuongeze nguvu ya kurushia, jambo ambalo halikubadilisha kitu, na sasa anasema dawa yake ni kusimamisha milingoti ya chuma ya mita 12 juu ya kila paa. Nyumba yetu ni ya kale, ya mawe ya matumbawe, na mwenye nyumba hana raha na shauri hilo. Je, milingoti itasaidia kweli? Na kama haitasaidia, tupange vipi ufungaji wa kudumu ili usitutie aibu mwaka wa pili?

Mhandisi wa Mtaa

Wa alaikum salaam, ndugu Mtunza Maktaba.

Kabla ya kugusa milingoti, hakikisha kwanza kwamba hamgombanii chaneli na majirani. Ufuo wa Shela umejaa nyumba za wageni, na karibu kila moja ina vifaa vyake vya waifai, baadhi yake vimewekwa na watu ambao hawakujali chaneli gani inatumika jirani. Fungua programu ya redio yenyewe upime kelele katika masafa yote ya 5 GHz, asubuhi na usiku, pande zote mbili, kwa sababu kinachosikika Shela si lazima kisikike Langoni. Punguza pia upana wa chaneli. Watu wengi huacha redio kwenye 80 MHz kwa tamaa ya kasi, ilhali darasa moja la kompyuta linatosheka na 20 MHz au 40 MHz, na chaneli nyembamba hukusanya kelele kidogo na kuvumilia mawimbi dhaifu zaidi.

Zaidi ya hayo, ningependa kujua kama kelele hupanda pale kiungo kinapoanguka au ni mawimbi yenyewe yanayoshuka. Hayo ni magonjwa mawili tofauti.

Mtunza Maktaba

Ahsante sana. Tumepima. Kelele haibadiliki, iko pale pale karibu −95 dBm kiungo kikiwa kizima na kikiwa kimeanguka. Kinachoshuka ni mawimbi: kutoka −61 huenda −70, kisha −78, na baada ya hapo redio hupoteana. Chaneli tumeshapunguza hadi 40 MHz. Tulipohamia masafa ya chini, karibu na 5.2 GHz, kuanguka kulisogea kwenye saa nyingine na kukapungua kidogo, lakini hakukuondoka.

Nimetazama daftari letu la wiki iliyopita. Siku moja kiungo kilianguka karibu saa tatu kasorobo asubuhi, kisha saa sita na robo mchana. Siku iliyofuata yote mawili yalichelewa kwa dakika hamsini hivi.

Fundi Masafa

Mwalimu, kwa daftari hilo umeshajijibu nusu ya swali. Hakuna kifaa cha nyumba ya wageni kinachochelewa dakika hamsini kila siku. Kinachochelewa hivyo ni maji. Fungua jedwali la kupwa na kujaa la Kilindini, bandari ya Mombasa, ulirekebishe kidogo kwa ajili ya Lamu, utaona kwamba siku hiyo maji yalikupwa kabisa karibu saa nne na nusu asubuhi, na kwamba kiungo chenu kilianguka mara moja maji yakiwa yanashuka na mara ya pili yakiwa yanapanda, muda sawa kabla na baada ya kupwa. Zile siku ambazo hakuna hitilafu ni za maji mafu, pale bahari isipopanda sana wala kushuka sana.

Sababu yake ni hii. Redio ya Langoni inapotuma, sehemu ya mawimbi yake huenda moja kwa moja Shela, na sehemu nyingine hushuka, ikagonga uso wa maji katikati ya njia, ikaakisiwa na kufika Shela kwa njia ndefu kidogo. Urefu wa wimbi moja la 5.8 GHz ni sentimita 5.2 tu. Mawimbi yanapogonga maji kwa pembe nyembamba namna hiyo hugeuka juu chini, kwa hiyo tofauti ya urefu wa njia hizo mbili ikiwa sawasawa na wimbi moja kamili, au mawili kamili, yale mawili hufika kama watu wanaovuta kamba moja kila mmoja upande wake, na antena haioni kitu. Ndiyo maana kuongeza nguvu hakukufaa: unayaongeza yote mawili, nayo yanazidi kufutana.

Sasa tuweke hesabu mezani. Tofauti ya njia hupatikana kwa kuzidisha kimo cha antena moja juu ya maji kwa kimo cha antena ya pili, kisha mara mbili, kisha kugawanya kwa umbali, vyote kwa mita. Maji yakijaa kabisa, antena zenu ziko mita 10 na 10, kwa hiyo tofauti ni 200 kugawanywa kwa 3000, ambayo ni sentimita 6.7. Bamvua la hapa kwetu hushusha maji kiasi cha mita 3, kwa hiyo yakikupwa antena ziko mita 13 juu ya maji na tofauti imekuwa sentimita 11.3. Katikati ya safari hiyo mnapita sentimita 10.3, ambayo ni mawimbi mawili kamili. Hapo ni pale maji yaliposhuka karibu mita 2 na nusu kutoka alama ya juu, na ndipo mlipoanguka. Maji yakiendelea kushuka mnapona, kisha yakipanda mnapita shimo lile lile tena. Wakati wa maji mafu hamfiki hapo kabisa. Na mlipohamia 5.2 GHz, wimbi likawa refu zaidi, sentimita 5.8, kwa hiyo shimo likasogea hadi karibu na mwisho wa kupwa. Kila kitu ulichoandika kinaingia ndani ya hesabu hii.

Msitegemee mawimbi ya bahari yavuruge uakisi huo. Kwa pembe nyembamba kama hii, mawimbi ya bahari ya nusu mita bado ni kioo mbele ya redio, na mkondo wetu kwa kawaida ni mtulivu kuliko hapo. Wala msimsikilize atakayewaambia muinue uso wa antena kidogo kuelekea mbinguni ili isiyaone maji. Mawimbi yaliyoakisiwa yanatoka nusu digrii tu chini ya yale ya moja kwa moja, na sahani ya desibeli 23 inaona digrii kadhaa kwa mara moja. Haina jicho la kuwatenganisha.

Ama kuhusu milingoti, fanya hesabu ile ile. Mkiongeza mita 12 kila upande, antena zitakuwa mita 22 maji yakijaa na mita 25 yakikupwa. Kuzidisha kunatoa 484 hadi 625. Kwa umbali wenu na kwa 5.8 GHz, mashimo yanakuja kila jibu la kuzidisha vimo linapoongezeka kwa 77 na ushei: 155, 233, na kuendelea hadi 543 na 621. Kumbe ndani ya bamvua moja mtapita mashimo mawili badala ya moja, na hata katika maji mafu mtalipita lile la 543. Mtakuwa mmenunua chuma ili muanguke kila siku.

Ushauri wangu ni kinyume: shusheni antena. Zikiwa mita 5 na 5 juu ya maji ya bamvua yaliyojaa, kuzidisha kunatoa 25, na maji yakikupwa kunatoa 8 mara 8, yaani 64. Shimo la kwanza liko 77, kwa hiyo hamlifikii hata maji yakikauka vipi. Zaidi ya hayo, ndani ya eneo hilo mawimbi yaliyoakisiwa huwaongezea nguvu badala ya kuwapunguzia, isipokuwa mwisho kabisa wa kupwa ambapo hayaongezi wala hayapunguzi. Kama upande mmoja hauwezi kushuka hadi mita 5, basi shusheni zaidi upande wa pili: mita 7 Langoni na mita 3 na nusu Shela zinatoa karibu 65 maji yakikupwa, na hilo bado ni salama. Hicho ndicho kipimo cha kushika, kwamba vimo viwili juu ya maji ya chini kabisa vikizidishwa visipite 65. Umbali au masafa yakibadilika, namba hiyo nayo inabadilika, msiichukue mkaipeleka kwenye kiungo kingine, tuseme cha kijiji cha Matondoni.

Kuna mpaka wa kushuka pia. Mawimbi hayaendi kama uzi. Yanahitaji nafasi inayozunguka mstari wa macho, ile inayoitwa eneo la Fresnel, na katikati ya njia yenu nusu kipenyo chake ni mita 6.2. Inatakiwa angalau asilimia 60 ya hiyo iwe wazi, kama mita 3.7. Kwa antena za mita 5 mnayo nafasi hiyo hata maji yakijaa. Mviringo wa dunia msiuhesabu, kwa kilomita 3 unakula sentimita 13 tu.

Nguvu ya kurushia mnaweza hata kuipunguza. Upotevu wa mawimbi kwa kilomita 3 katika 5.8 GHz ni desibeli 117. Redio ikirusha 10 dBm, ukaongeza antena mbili za desibeli 23, inabaki −61 dBm, ambayo ndiyo mnayoisoma sasa. Vifaa vingi vya aina hiyo huhitaji kama −70 hivi ili vibaki kwenye kasi nzuri, kwa hiyo mna akiba ya karibu desibeli 9 kabla hata ya faida ya uakisi. Hapana haja ya kupiga kelele.

Mhandisi wa Mtaa

Nimesoma hesabu nikairudia na karatasi yangu, na imesimama. Naondoa neno langu la majirani, ingawa chaneli nyembamba bado naisimamia.

Nina swali moja kwa Fundi Masafa. Antena ya mita 5 itakuwa chini ya milingoti ya mashua na majahazi yanayopita mkondoni siku nzima. Je, hatubadilishi tatizo moja kwa jingine?

Fundi Masafa

Swali zuri. Chombo kinachopita hukata sehemu ya eneo la Fresnel kwa sekunde chache, na mlingoti ni mwembamba kulinganisha na eneo la mita 12 kwa upana, kwa hiyo mawimbi hushuka kidogo na kurudi. Tanga kavu la kitambaa halina madhara makubwa, lililolowa lina madhara kiasi. Programu za kawaida hazitalihisi. Cha kuogopa ni chombo kilichotia nanga karibu na antena, mita kumi au ishirini mbele yake, kwa sababu hapo eneo la Fresnel ni jembamba na chombo kimoja kinaweza kulijaza. Basi msichague ukuta unaotazamana na mahali vyombo vinapofungwa, hasa karibu na gati.

Mkaazi wa Mkomani

Assalaam alaikum nyote. Mimi si mtu wa redio, ila nimeshughulika na ukarabati wa nyumba za mawe muda mrefu, na nimefurahi kusikia kwamba antena inatakiwa ishuke.

Mji Mkongwe wa Lamu uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na kazi yoyote inayobadilisha sura ya jengo ndani ya eneo lililohifadhiwa inahitaji kwanza kujadiliwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, ambayo yana ofisi hapa hapa mjini na hufanya kazi hiyo chini ya sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006. Mlingoti wa mita 12 unaoonekana kutoka baharini sidhani ungepita. Antena ndogo iliyofichwa nyuma ya ukuta wa sakafu ya kwanza, iliyopakwa rangi inayofanana na chokaa, ni mazungumzo mengine kabisa. Nendeni na picha ya ukuta wenyewe na kipimo cha kifaa, msiende na maneno matupu. Kwa upande wa Shela ulizeni pia kama mnahitaji idhini ya kaunti.

Sasa kuhusu ukuta. Watu huona ukuta wa nusu mita wakadhani utabeba chochote. Jiwe la matumbawe ni laini, na chokaa inayoliunganisha ni laini zaidi. Ile bolti ya kupanuka, inayoshika vizuri katika saruji, hapa hulipasua jiwe kutoka ndani, na baada ya msimu mmoja wa kusi huanza kucheza ndani ya tundu lake mpaka unga mweupe unamwagika sakafuni. Kama hapana budi kutoboa, tumieni tundu dogo katika kiungo cha chokaa, si katikati ya jiwe, mkajaze kwa chokaa na si kwa saruji, kwa sababu saruji haipumui, na unyevu wenye chumvi ukizuiwa hutokea pembeni yake na kulimega jiwe lililo jirani. Lakini bora kuliko kutoboa ni mhimili unaosimama wenyewe, uliobanwa kwenye dirisha au kwenye nguzo ya baraza la juu. Ule mtindo wa kuweka fremu ya chuma juu ya paa na kuilaza kwa matofali msiufuate kabla mtu anayejua hajazikagua boriti. Paa tambarare la nyumba ya kale limebebwa na boriti za mikoko, na baadhi yake zina umri mkubwa kuliko babu zetu.

Kebo nayo ina adabu yake. Msiipitishe juu ya kichochoro kwa kimo cha mtu. Punda aliyebeba boriti au magunia, na juu ya mzigo huo mtu ameketi, hafiki mbali kabla hajaikata. Kama nyumba yenu ina wikio, yaani daraja la juu linalovuka kichochoro kuelekea nyumba ya jirani, na jirani amekubali, piteni ndani yake, ni njia ya kivuli na hakuna atakayeiona.

Na kwa faida ya wanaosoma: mkishafikisha intaneti msitarajie kifaa kimoja kitagawa waifai nyumba nzima. Kuta hizi huyala mawimbi. Kifaa kiwekwe kiwandani, yaani kwenye ua wa ndani ya nyumba, penye uwazi, ili kitazame vyumba kupitia milango, na kama darasa liko ndani kabisa, nyuma ya msana (ule ukumbi mrefu wa ndani), wapelekeeni kebo.

Umeme Jua, Malindi

Naongeza machache ya chumvi na umeme, kwa sababu hapa Malindi tunaona vifaa vingi vikifa kwa mambo hayo kuliko kwa hesabu za mawimbi.

Kebo iwe ya shaba halisi. Madukani zimejaa kebo za alumini iliyopakwa shaba juu, ni nafuu na kwa macho hazitofautiki. Kwaruza ncha ya uzi kwa kisu: ukiona weupe ndani, irudishe. Alumini hupoteza umeme mwingi njiani, na redio hizi hula umeme kupitia kebo hiyo hiyo, kwa hiyo redio itakuwa inazima na kuwaka usiku nanyi mkaendelea kuilaumu bahari. Iwe ya nje, yenye ganda jeusi linalostahimili jua, na isizidi mita 100 kutoka swichi ya mtandao hadi redio. Kabla haijaingia ukutani ipindeni chini kama shavu ili maji ya mvua yadondoke badala ya kufuata kebo hadi ndani. Viunganishi vizungusheni utepe wa mpira unaojishika wenyewe, kisha juu yake utepe wa plastiki. Utepe wa plastiki peke yake hapa pwani ni mapambo.

Bolti na vibanio viwe vya chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316. Cha daraja la 304 kinang'aa dukani, lakini karibu na maji huanza kutoa madoa ya kahawia mapema. Na pale chuma hicho kinapogusana na alumini ya antena, pakeni grisi, la sivyo chumvi itaifanya alumini iliwe.

Muulize muuzaji pia volti za kulishia redio kupitia kebo. Zipo za 24 na zipo za 48, nazo hutumia kiunganishi kile kile. Redio ya 24 ukiipa 48 haitakupa nafasi ya kuuliza tena.

Upande wa Shela, kama umeme hukatika wakati wa darasa, wekeni sola. Redio na ruta pamoja zikila wati 20, kwa saa 24 ni wati-saa 480. Paneli ya wati 150 inatosha katika siku za kawaida za jua la saa tano, ila mimi ningeweka ya 200 kwa ajili ya masika. Betri ya lithiamu ya volti 12 na ampea-saa 100 itawavusha siku mbili za mawingu. Ya asidi italazimu iwe kubwa zaidi, kwa sababu haipendi kushushwa chini ya nusu. Nguzo ya antena iungwe na fimbo ya ardhini, na kwa kuwa udongo wa Shela ni mchanga mkavu unaopitisha umeme vibaya, fimbo hiyo ifike penye unyevu.

Halafu kunguru. Wanapenda kujenga juu ya sahani, na hutumia waya kama vijiti. Tazameni kila baada ya miezi michache.

Mtunza Maktaba

Nawashukuru nyote, kila mmoja kwa jina lake. Nimempelekea mwenye nyumba maneno ya Mkaazi wa Mkomani naye ameridhia antena ikae kwenye dirisha la baraza la sakafu ya kwanza, ambalo kwa kipimo changu liko kama mita 6 juu ya alama ya bamvua. Shela wana ukuta wa ua unaotazama mkondo, na hapo tunaweza kufunga kati ya mita 3 na nusu na mita 4.

Yamebaki mawili. La kwanza, kuna kibali chochote cha mawasiliano tunachohitaji? La pili, tutajuaje kwamba tumelimaliza tatizo kabla ya kununua redio zetu wenyewe, na kuzirudisha hizi za kuazima?

Fundi Masafa

Kuhusu kibali: sehemu za masafa ya 5 GHz zinaruhusiwa kutumika bila leseni ya masafa ndani ya mipaka ya nguvu inayowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na vifaa viwe vya aina iliyoidhinishwa na mamlaka hiyo. Hii ni sababu nyingine ya kutopandisha nguvu ovyo. Lakini mkianza kutoza watu fedha kwa intaneti hiyo, au hata kuwagawia majirani bila malipo, huenda mkahesabiwa kuwa watoa huduma na leseni yake ni jambo jingine, ulizeni mapema. Someni pia mkataba wenu na kampuni inayowauzia intaneti, maana mikataba mingi hairuhusu kuipeleka nje ya jengo lililoandikwa, na ni rahisi zaidi kuomba ruhusa leo kuliko kueleza baada ya kukatiwa.

Kuhusu vimo: mita 6 na mita 4 maji yakijaa ni mita 9 na 7 yakikupwa, yaani 63. Ni sawa. Mkifunga ule wa Shela kwenye mita 3 na nusu mtapata 58 na ushei, na akiba itakuwa kubwa zaidi, mradi ukuta wa mbele usizibe. Kumbukeni kipimo chenyewe kinaanzia kwenye maji, si kwenye udongo wa ua, kwa hiyo siku ya bamvua teremsheni kamba yenye uzito kutoka dirishani hadi usawa wa alama ya maji, mkaipime kamba hiyo. Msikadirie kwa macho.

Jaribio lenyewe lifanyeni kwa redio hizi za kuazima, katika vimo vipya, zikiwa zimefungwa kwa muda tu. Bamvua huja siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama, na vivyo hivyo baada ya mwezi mpevu. Wekeni kompyuta moja iandike kipimo cha mawimbi kila dakika moja, kuanzia siku mbili kabla ya bamvua hadi siku mbili baada yake, na pembeni mwandike saa za kujaa na kukupwa za kila siku. Mkiona mstari unapanda maji yakiwa nusu na kushuka polepole kuelekea kupwa bila kutumbukia chini ya −65 au hapo karibu, nunueni. Mkiona shimo hata moja la ghafla, tazameni kwanza saa yake. Likiwa linafuata maji, shusheni upande wa Shela kwa nusu mita mkarudie. Likiwa halifuati maji, tumeni hapa daftari zima, pamoja na jina la chaneli, tulitazame upya.